Msikate Mgomba

Mikumi,
11 Agosti 2024

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepungua maumivu tangu uanze kulikanda kwa maji ya chumvi. Sisi huku hatujambo. Mdogo wako Cornel anakohoa kidogo kwa vumbi la malori, lakini anakula ugali wake wote na kuomba mwingine, kwa hiyo sina haja ya kumpigia debe la huruma.

Nakuandikia kwa sababu simu na wewe hazipatani. Juzi nilikuuliza habari za goti ukanijibu habari za mbuzi wa jirani. Masikio yamekususa, wifi, lakini macho yako bado yanasoma hata karatasi ya kufungia sukari. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi, ananiheshimu maana hunywa chai hapa gesti kwangu bila kulipa.

Sasa sikia. Mwezi wa kumi na moja mimi na Cornel tunafikisha miaka thelathini ya ndoa. Watu wengine huchinja mbuzi, wengine hushona vitenge vya kufanana. Mimi nataka nimpeleke safari ya meli. Walilala hapa mzee mmoja na mkewe, wastaafu kutoka Moshi, wametoka kuzunguka Ziwa Nyasa kwa meli ya mapumziko. Mnalala humo humo, mnakula humo humo, jioni muziki, mchana mnatazama milima. Walikuwa wameshikana mikono kama wachumba wa juzi.

Nimemwambia Cornel. Hakukataa kwa maneno. Alitoka nje akaenda kukaza nati za lori ambazo alishazikaza. Nilipomfuata akasema, "Meli ni ya samaki," akaingia chini ya gari asitoke.

Huyu mtu anatengeneza breki za malori yanayoteremka milima na haogopi kitu. Kwa nini maji tu? Vijana wa kanisani walipokwenda kuona maporomoko, yeye alibaki garini na madirisha amefunga. Wewe ndiye dada yake mkubwa, umemlea. Niongezee neno moja la kumlainisha.

Ni mimi wifi yako,
Costancia

---

Kilosa,
20 Agosti 2024

Wifi Costancia,

Marahaba. Barua nimeipata, kondakta alikuwa ameikalia, imekuja na mkunjo wa makalio yake. Goti linaendelea kunitawala. Mbuzi wa jirani, kwa kuwa umemtaja, amekula tena mchicha wangu.

Nakushukuru kwa kumpenda mdogo wangu kiasi hicho. Ila ninyi watu wa Vidunda maji kwenu ni kitu cha kuteka bondeni na kupandisha mlimani kichwani, ndoo moja moja. Ndiyo maana mnayaona matamu. Sisi tuliokulia hapa kando ya Mto Mkondoa hatuna hamu nayo. Siku hizi mto umekuwa kijito cha kunyweshea ng'ombe, lakini mimi bado kitanda changu kiko ukuta wa upande wa pili, mbali na mto, na sitakihamisha.

Mpeleke Iringa. Kuna baridi nzuri, atavaa lile koti analolitunza. Au mpeleke Dodoma akaone majengo. Kama unataka kitu cha kutikisika, mpandishe treni, babu yetu aliijengea reli na Cornel anapenda kusikia mlio wake.

Mambo ya meli yaache. Si uoga, na usimcheke. Usimwulize tena, na mimi usiniulize kwenye karatasi.

Wasalimie hapo.

Wifi yako,
Tumwagile

---

Mikumi,
3 Septemba 2024

Wifi yangu,

Shikamoo tena. Goti je? Mimi mzima, Cornel mzima, ila nyumba haina amani na nitakueleza kwa nini.

Umenikataza kuuliza, basi nakueleza tu nilivyochagua, uone sikukurupuka. Kwanza nilifikiria boti ya Zanzibar. Binti yetu Angela, anayekaa Dar, akaniambia bahari ikichafuka watu hutapikia mifuko tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Nikaitoa. Nikafikiria Tanganyika, nikaona ni mbali mno na siku ni nyingi, mtu wa mara ya kwanza atachoka kabla ya kufurahi. Nikabaki na Nyasa. Ni siku nne tu, na akishindwa tunashukia Mbamba Bay turudi kwa basi. Mwezi wa kumi na moja mwera, ule upepo mkali wa ziwani, unakuwa umeshapita. Chumba nimeomba cha katikati ya meli, chini, mahali ambapo haitikisiki sana, chenye pazia zito asilazimike kuyatazama maji. Nimemchagulia kama mtoto anavyochaguliwa kiatu cha kwanza, nikaacha na nafasi ya vidole.

Na tena Kyela ndiko alikotoka babu yenu. Nilisema akaone nchi ya ukoo wake, moyo utatulia.

Nilipomweleza hayo yote akauliza, "Watu wakizama kule huwa wanapatikana?" Nikamwambia sisi hatuendi kuzama, tunaenda kula na kulala. Asubuhi yake nikakuta amekwenda nyuma ya jiko na kung'oa machipukizi ya migomba niliyopanda Jumamosi. Si mara ya kwanza. Kila nikipanda mgomba anang'oa, anasema unaleta nyoka. Safari hii hakusema nyoka. Aliikumbatia yote, akavuka nayo barabara kuu katikati ya malori akaitupa upande wa mbuga.

Wifi, nimelala na mwanaume huyu miaka thelathini, nimemzalia, nimemuuguza. Na wewe na yeye mnajua kitu ambacho mimi sikijui, na kinaniumiza. Nikizikwa leo nitazikwa mgeni katika ukoo wenu. Niambie.

Wifi yako,
Costancia

---

Kilosa,
15 Septemba 2024

Wifi Costancia,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Maneno yako ya mwisho yamenichoma, kwa hiyo nakueleza, na ukimaliza kusoma uichome hii.

Cornel alikuwa darasa la kwanza. Mvua ilinyesha huko milimani, kwetu hapakuwa na tone. Tulilala pakavu na alfajiri mto ulikuja na magogo, na paa za watu, na ng'ombe. Mimi nilimshika mama, mama alimshika mtoto mchanga, na Cornel hakushikwa na mtu. Baba na wenzake wa reli walimtafuta kwenye matope hadi nyika ya Mkata. Hawakupata hata kaptula.

Kwetu, mtu akipotea moja kwa moja, kilio hakiwezi kuisha bila kuzika. Basi unakatwa mgomba wa kimo chake. Baba mdogo ndiye aliyekata. Mama akauvika shati la shule la Cornel, akafunga vifungo vyote, tukaulaza sebuleni tukaulilia kama mtu. Mimi nilibeba upande wa miguu. Utomvu ulinichuruzikia kwenye gauni na wewe unajua utomvu wa mgomba hautoki. Ukazikwa nyuma ya reli, msalaba ukaandikwa Cornel.

Mahindi waliyotuletea watu wa rambirambi yalikuwa hayajaisha ndani tulipomwona anakuja, juu ya punda, na wafugaji wa Mkata waliomwokota kwenye gogo akiwa na homa. Mama alimkimbilia. Mimi, wifi, nilikimbilia upande mwingine.

Mama alitaka kaburi lifukuliwe siku ile ile. Babu akakataa. Alisema maji yameshapewa jina na kaburi limeshapokea, ukifukua hujui unafungulia nini. Akamchukua Cornel, akamsimamisha juu ya kaburi mbele ya watu wote, akamwambia sema, "Mimi simo humu." Mtoto alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakurudi tena makaburini hata tulipowazika baba na mama. Watu walidhani hana adabu.

Babu alisema akae mbali na maji makubwa, yasije yakamtambua. Sijui kama ni kweli. Mimi ni mtu wa kanisa kama wewe. Ila kila mwaka nakwenda kulipalilia lile kaburi, na msalaba ukioza nautengeneza mwingine na kuandika jina lile lile. Naogopa kuacha.

Ndiyo hiyo. Mpeleke Iringa.

Wifi yako,
Tumwagile

---

Mikumi,
6 Oktoba 2024

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuruhusu kwenda Morogoro na daktari amekuona vizuri. Najua ulikwenda, na utajua nilivyojua.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa chini jikoni. Nililia kwa ajili ya mtoto yule. Kisha nikakasirika, na hasira yangu unaijua. Mume wangu anakula, anacheka, anasali, halafu ana kaburi lenye jina lake linalopaliliwa kila mwaka na dada yake. Nani angekuwa mzima kwa namna hiyo?

Alhamisi nilipanda basi nikaja Kilosa. Nilifika kwako nikakuta mlango umefungwa, jirani mwenye mbuzi akasema uko Morogoro. Nikaenda mwenyewe nyuma ya reli. Nililiona. Umelipalilia vizuri, wifi, hata ua umepanda. Nilisali Baba Yetu, nikaushika msalaba kwa mikono miwili nikaung'oa. Haukunisumbua, ulitoka kama ulikuwa unasubiri. Niliufunga kwenye kanga nikarudi nao, na jioni nikaupasua nikaupikia maharage.

Nilimwambia Cornel baada ya kula. Nilidhani atanipiga kofi la kwanza la ndoa yetu. Alitazama sahani, akaniuliza, "Ndiyo haya?" Nikasema ndiyo haya. Akacheka, wifi. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akalia, na mimi nikalia, wageni wa gesti wakachungulia. Akasema hajawahi kuonja maharage yaliyoiva vile. Asubuhi akaniambia niandikishe majina yote mawili kwenye meli.

Nina furaha. Naomba na wewe uwe nayo.

Wifi yako,
Costancia

---

Kilosa,
12 Oktoba 2024

Costancia,

Sijambo. Marahaba leo sikupi.

Nilirudi kutoka Morogoro nikaenda nyuma ya reli na jembe langu. Pale msalaba ulipokuwa pamebaki tundu. Nililifukia, asubuhi nikakuta limetitia tena. Mwenye akili atasema ni udongo mlegevu. Mimi nimesimama pale nikaona tundu.

Sikulaumu kwa kumpenda. Nakulaumu kwa kwenda peke yako. Ungenisubiri. Tungemwita padri, tungemwita Cornel mwenyewe asimame aseme tena maneno yake, tungefukua mbele ya watu na kutoa kilichobaki na kulifunga. Ndivyo jambo linavyofanywa likaisha. Wewe umeondoa jina ukaacha kaburi. Lilikuwa la Cornel ingawa hayumo. Sasa ni la nani?

Naandika kama mwanamke mjinga wa zamani, najua. Lakini nakuomba, wifi, sogezeni safari mbele. Njooni kwanza hapa, wote wawili, Jumapili yoyote. Nitapika wali.

Usiponijibu nitajua mmekwenda.

Tumwagile

---

Ndani ya meli, Ziwa Nyasa,
17 Novemba 2024

Wifi yangu usiyetaka kunipa marahaba,

Shikamoo hata hivyo. Goti lako lingepona hapa, hewa ni ya uvuguvugu. Nisamehe sikujibu. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa na Cornel ameshalitoa lile koti kabatini, ningemrudisha vipi? Tukirudi tunakuja Kilosa moja kwa moja, tutafanya yote uliyoyasema, na ule wali tutaula.

Ngoja nikuambie habari za mdogo wako. Bandarini Kyela alivaa jaketi la kuokolea kabla hata hatujapanda. Alilala nalo. Nilijaribu kumkumbatia nikajiona nakumbatia godoro. Jana asubuhi akalivua mwenyewe, akaenda kwenye ukingo wa meli, akashika chuma kwa mikono yote miwili, akayatazama maji muda mrefu sana. Niliogopa kumsemesha. Aliporudi akasema, "Costancia, yananukia kama mvua tu." Mchana akala samaki wawili. Jioni palipigwa muziki, akaniinua, tukacheza mbele ya watu, na huyu mtu hakuwahi kucheza hata harusini kwetu.

Amempata mzee mmoja humu anayekijua kijiji cha babu yenu. Wameongea hadi mate yakawakauka. Nimemwona mume wangu, wifi. Miaka yote hiyo nilikuwa na nusu yake.

Sasa hivi meli imesimama mbele ya kijiji kilicho chini kabisa ya milima. Hapana gati, boti ndogo zinakuja kuchukua wanaotaka kutembea ufukweni. Wanasema hapa ndipo penye usipa, dagaa wa ziwa hili, mkavu mtamu kuliko wote, na nimekuahidi moyoni kilo zako. Cornel amegoma kushuka kwenye boti. Nimemtania nikaona bora nimwache, amejitahidi ya kutosha. Atanishikia mkoba. Ziwa limetulia, ila juu ya milima kuna wingu moja jeusi na mwenye boti anatuharakisha.

Naenda mara moja. Nikirudi nitakumalizia habari ya yule mzee alichosema kuhusu babu yenu na

---

Mikumi,
1 Desemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima. Umeshasikia, najua, watu walikuja kukuandikia kwenye karatasi. Angela aliniambia ulikaa chini barabarani. Pole, Dada, nakupa mimi na mimi nipe.

Barua yake nakutumia kama nilivyoikuta kitandani. Sikuongeza kitu.

Nilikuwa nimesimama pale kwenye chuma na mkoba wake mkononi. Aligeuka akanipungia, alikuwa anacheka kwa sababu kanga ilikuwa inapeperuka. Upepo ulishuka kutoka milimani ghafla, maji yakabadilika rangi. Boti niliiona, kisha sikuiona, kisha nikaiona imepinduka. Wengine walipatikana, wameishikilia. Yeye hapana. Wavuvi wa kijiji kile walitafuta siku zote tulizokaa pale, wakaenda hadi vijiji vya mbele. Ni watu wema. Hawakupata hata kanga.

Miaka yote nilijua yananitaka mimi. Nilikuwa tayari, Dada. Siku ile ya kwanza pale kwenye chuma niliyaambia, kama ni mimi, mimi hapa. Yakakaa kimya. Sikujua kwamba nimepanda meli nikiwa na kitu kingine cha kupoteza. Na nilipoona boti imepinduka miguu yangu haikuruka. Hilo nitalala nalo mimi.

Sasa ninalokuandikia ni hili, na nakuomba ulisome vizuri.

Lazaro, mtoto wa baba mdogo, amefika hapa na panga la baba yake. Shemeji zangu wa Vidunda wamefika, wamechoka, wana mashamba yanayosubiri mvua, na sasa wamekubaliana naye. Wanasema kilio hakiwezi kukaa wazi hivi. Wameshauona mgomba kwa jirani, wa kimo chake. Wameomba gauni lake la Jumapili. Angela analia, anasema Baba wakubalie tupumzike. Na jana Lazaro akasema hakuna haja ya kuchimba, lipo kaburi la ukoo nyuma ya reli halina jina, ni kulifungua na kuweka.

Nimekataa. Gauni nimelivaa ndani ya shati langu, sijali wanavyonitazama.

Wananiambia nimechanganyikiwa. Wananiambia mtu hakai majini siku zote hizi akarudi. Mimi ndiye nawasikiliza, mimi niliyelala chini ya msalaba wangu mwenyewe huku ninakunywa maziwa kwa wafugaji na homa imenifanya nisahau jina la mama. Kule Nyasa kuna ng'ambo, Dada. Kuna nchi nyingine upande wa pili, watu wa lugha nyingine. Mtu anaweza kuwa kwa watu, ana homa, hajui kuwaambia ni wa wapi. Na Costancia hajawahi kuacha kitu katikati. Alisema atarudi kumalizia barua.

Wote walioweza kuikumbuka siku ile wamekufa. Baba, mama, babu, baba mdogo aliyekata. Umebaki wewe. Ulibeba upande wa miguu, na bado ulinikimbia uliponiona. Njoo na basi la kesho, hata kama goti limekataa, kondakta atakubeba, nimemwomba. Njoo usimame mlangoni kwangu uwaambie nilirudi. Wewe hawatakubishia. Waambie Costancia hayumo humo, na wala hatawekwa.

Wakikuuliza atarudi lini basi, waambie mimi nilirudi mahindi ya rambirambi hayajaisha, na haya wayaangalie. Watu wameleta mengi, na walianza kuyasaga ili kupika. Nimeyafungia yote stoo, na ufunguo ninao mimi.

Mdogo wako,
Cornel